Siku tatu za kutazama ndege Kilifi wakati wa kaskazi: mwongozaji alijua, ratiba haikujua

Kijitabu cha kampuni iliyotuuzia safari hii kilitaja ndege kumi na wawili ambao mteja "lazima atawaona", na wawili miongoni mwao hawako Kenya kabisa mwezi wa Februari. Naanza na kosa hilo, ingawa si kubwa kuliko yote, kwa kuwa ndilo lililozaa karibu kila upungufu tulioupata baadaye: waliopanga safari hawakuangalia upepo, mwezi wala maji, na mwambao ni mahali ambapo vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua ndege gani atakuwa wapi na saa ngapi.

Tulikuwa watu watatu: mimi, mpwa wangu ambaye katika ukoo wetu ndiye mwenye wazimu wa ndege, na rafiki yangu wa siku nyingi kutoka Tanga. Tulilipa shilingi 27,000 kila mmoja kwa siku tatu katika kaunti ya Kilifi, siku ya kwanza kwenye hori ya Mida, ya pili katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na ya tatu kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi. Bei hiyo ilijumuisha gari, dereva, mwongozaji, malazi ya usiku mbili na kuazimwa darubini. Kampuni sitaitaja, kwa sababu malalamiko yetu tumewapelekea na mazungumzo hayajesha. Mwongozaji naye hakuwa mwajiriwa wao; walimkodi kwa siku hizo tatu tu, na jambo hilo msomaji alikumbuke, maana tathmini yangu ya huduma hii imegawanyika mahali hapohapo.

Malazi yalikuwa safi na chakula cha asubuhi kilitosha. Gari lilikuwa zima, ila kipoza hewa chake kilifanya kazi pale tu gari lilipokuwa linateremka mlima, na Kilifi ya mwambao haina milima.

Ratiba ilitaka tufike Mida saa nne asubuhi. Mtu aliyekulia pwani akiisoma saa hiyo pamoja na tarehe yake atacheka, kwani usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya pwani yetu hujaa alfajiri na tena alasiri, hivyo saa nne asubuhi ndiyo saa ya maji kupwa hadi mwisho wake. Tulipofika tulikuta uwanja mkubwa wa matope unaometameta, wavuvi wachache wakitafuta chambo mbali sana, na huko kwenye ukingo wa maji, kadiri jicho linavyoweza kufika, vijidoa vilivyokuwa vikitembea. Vijidoa hivyo ndivyo vilivyokuwa ndege. Nilipozielekeza darubini tulizoazimwa na kampuni, ya kwanza ilikuwa na ukungu ndani ya kioo na ya pili ilinionyesha kila kijidoa mara mbili.

Mwongozaji wetu, mzee wa Kigiriama aliyevaa kofia ya kitambaa na viatu vya plastiki, alikuwa ametutangulia na alikuwa ameketi kivulini penye mwanzo wa mikoko. Alitusalimia, akatuachia tutazame kwa dakika kumi bila kusema neno, kisha akasema: "Mama, ndege wapo, lakini sasa wako mezani kwao na meza yao ni ndefu. Tuwaache wale. Turudi hapa saa nane, maji yakiwa yanapanda, na wao wenyewe watasogezwa mpaka miguuni petu." Nikamwambia, "Haya baba, sisi tunakufuata wewe." Dereva hakukubali kwa urahisi huo. Karatasi yake ilisema saa nane tuwe Gede, na ilimbidi apige simu ofisini mara tatu, na ofisini wakamjibu kwamba mabadiliko ya ratiba yana gharama. Mpwa wangu alitoa shilingi 2,000 za mafuta ya kwenda na kurudi, umbali ambao kwa bodaboda tungeumaliza kabla chai haijapoa. Fedha hizo hazikuandikiwa stakabadhi.

Basi Gede tulikwenda asubuhi badala ya mchana, na haikuwa hasara. Magofu ya mji ule wa Waswahili, uliohamwa takriban karne ya kumi na saba, yamemezwa na miti mikubwa ambayo haikatwi, na kwa hiyo hondohondo wenye sauti ya mtoto anayelia wanaranda juu ya kuta za msikiti kana kwamba wao ndio waliorithi mji. Tulikaa saa moja na nusu. Inatosha kwa ndege, haitoshi kwa magofu, lakini hiyo ni safari nyingine.

Saa nane tulirudi Mida, na sasa nitasimulia kwa urefu kidogo, kwa sababu saa tatu zilizofuata ndizo nilizolipia.

Hori ya Mida ina mdomo mwembamba na tumbo pana, kiasi cha kilomita za mraba 32 za maji, matope na mikoko, na maji yanapoingia hayaji kwa mawimbi bali yanatambaa kimyakimya, yakijaza mikondo kwanza kisha yakifunika matope kipande kwa kipande. Ndege wanaokula matopeni wanarudi nyuma pamoja na ukingo wa maji. Mzee alituweka mahali penye kivuli, akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu, chombo kikuukuu ambacho mguu mmoja umefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli lakini kioo chake kisafi kama jicho la mtoto, na akatuambia tusiinuke. Ndani ya nusu saa vile vijidoa vya asubuhi vilikuwa na midomo, miguu na tabia. Sululu walikuja mbele, na midomo yao iliyopinda kama mundu wakiitumbukiza mpaka machoni kwenye mashimo ya kaa. Nyuma yao walifuata makundi ya wale wadogo ambao wavuvi wetu huwaita wote kitwitwi, kana kwamba ni ndege mmoja. Mzee aliwatenganisha kwa uvumilivu: huyu kifua chake kipana na mdomo mnene, yule mdomo wake umejikunja juu na miguu yake ya manjano, na huyu anayekimbia na kusimama ghafla, kisha kukimbia tena. Wengi wao wamezaliwa Siberia na wamesafiri maelfu ya kilomita kuja kula matope ya Mida, na wakati ule wa Februari tayari walikuwa wakinenepa kwa safari ya kurudi.

Halafu akaja yule ambaye kwa ajili yake watu wanavuka bahari kuja Mida. Ni ndege wa kimo cha kuku mdogo, mweupe pepe, mwenye mgongo mweusi kama joho lililotupwa mabegani, miguu mirefu ya kijivu cha samawati, na mdomo mweusi mzito ambao haufanani na wa kitwitwi yeyote. Kisayansi huitwa Dromas ardeola, nasi tukamwita mla kaa. Mmoja alisimama kiasi cha hatua thelathini kutoka tulipokuwa. Alikimbia, akasita, akachoma mara moja, akainua kaa mwenye ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, akamtikisa mpaka mguu mmoja ukakatika na kuanguka, akamtikisa tena mpaka wa pili, na nilidhani atammeza. Hakummeza. Mwingine mwenye rangi ya kijivu, mkubwa karibu sawa na yeye, alikuja ameinama na kulalama, na mzazi akamwachia kaa yule kinywani. Mzee alieleza kwamba makinda ya ndege hawa huendelea kulishwa hata baada ya kuhama pamoja na wazazi, jambo ambalo si la kawaida kwa jamaa zao. Rafiki yangu wa Tanga, ambaye ana watoto wawili wakubwa nyumbani wasiotafuta kazi, alicheka mpaka akakaripiwa.

Ndege huyu huzaa kwenye fukwe na visiwa vya bara Arabu na Ghuba, Oman ikiwamo, na huko hafanyi kiota juu ya ardhi bali huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja tu jeupe, maana juu jua lingelichemsha. Huanza kufika kwetu tangu Agosti, kabla ya kaskazi, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wao wameshaondoka. Nasema hivi kwa sababu njia yake ni ileile ya majahazi, na mtu mwenye jamaa Maskati na Lamu hahitaji kuelezwa zaidi jinsi bahari hii inavyounganisha.

Kabla ya Magharibi mzee alitupeleka kwenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege, mradi ambao mapato yake huchangia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kuzunguka hori na msitu. Hapo tulisubiri keremkerem wekundu. Wanashinda bara wakikamata nyuki na panzi, na jioni wanakuja kulala mikokoni. Mwanzo wanakuja wawili, kisha watano, kisha hapana haja ya kuhesabu. Wekundu wao ni wa punje za komamanga na kichwa ni cha kijani kinachokaribia samawati, na jua likiwa chini nyuma yetu rangi hizo ziliwaka. Ratiba ya kampuni ilitaka wakati huo tuwe hotelini tukipumzika.

Chakula cha mchana siku hiyo tulikila Dabaso, kwenye mkahawa wa jamii uliojengwa juu ya mikoko na ambao umepata jina kwa sambusa zake za kaa. Nilikula nne. Ukanda wa pwani una namna mbili za kula kaa na siku ile niliziona zote.

Siku ya pili ilikuwa ya msitu, na hapa tofauti kati ya kampuni na mwongozaji ilizidi kuwa wazi. Ratiba iliandika: "Saa mbili na nusu, kuwasili msituni." Mzee alitutaka tuwe langoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu mwezi wa pili, jua likishapanda na kufika saa tatu, msitu unanyamaza na mtu anabaki na miti. Dereva alikubali safari hii bila simu. Nadhani sambusa zilisaidia. Langoni tuligundua kwamba ada za kuingia hazikuwamo kwenye bei, ingawa kijitabu kiliandika "gharama zote". Tukalipa.

Arabuko-Sokoke ni kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha msitu mkavu wa mwambao katika Afrika Mashariki, kiasi cha kilomita za mraba 420, na ndani yake zimeorodheshwa zaidi ya aina 230 za ndege. Mgeni huuona kama msitu mmoja. Mzee alituonyesha kwamba ni mitatu, na kwamba ukitaka kujua uko katika upi tazama udongo kwanza. Upande wa mashariki penye mchanga wa kijivu ndipo ulipo msitu mchanganyiko wa mbambakofi na jamaa zake. Katikati, juu ya mchanga mweupe usio na rutuba, imesimama miti ya mirihi iliyoachana kwa nafasi, na mwanga unaingia mpaka chini. Magharibi udongo unageuka mwekundu na miti inakuwa mifupi, iliyosongamana na kufumana, na humo ndimo anamoishi kibundi wa Sokoke. Kila ndege wa thamani ana chumba chake katika nyumba hii, na mwongozaji asiyeujua udongo atakuzungusha mchana kutwa katika chumba kisicho chake.

Kibundi huyo, Otus ireneae, alielezwa na wanasayansi mwaka 1966 tu, na mbali na msitu huu anajulikana kwenye misitu ya chini ya milima ya Usambara, jambo lililomfurahisha mwenzetu wa Tanga kwa fahari ya nyumbani. Urefu wake hauzidi sentimita 18, yaani hafiki shubiri ya mtu mzima. Jioni iliyotangulia, baada ya kutuacha sisi, mzee alikuwa amekwenda kwa baiskeli yake hadi kwenye udongo mwekundu kusikiliza wanakoitikia, kazi ambayo hakuna aliyemlipa. Asubuhi alituacha kwenye njia, akaingia kichakani peke yake, na baada ya robo saa tukasikia mluzi mfupi. Tuliinama na kumfuata huku miiba ikitushika nguo. Akanyoosha kidole kwenye tawi lililo juu kidogo ya kichwa changu, nami sikuona kitu ila majani makavu, mpaka jani moja likafumbua jicho la manjano. Walikuwa wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja wa rangi ya majivu na mwingine wa rangi ya kutu, maana ndege hawa huzaliwa kwa rangi zote mbili. Yule wa kutu alitutazama, akaona hatumhusu, akafumba tena.

Masharti ya mzee yalikuwa dakika tatu, picha bila mwako, na kimya. Mpwa wangu alikuwa ameweka kwenye simu yake programu inayopiga sauti za ndege na alitaka kuitumia ili kibundi aitikie. Mzee alimkataza kwa upole lakini bila kubakiza mlango wazi: "Mwanangu, kila mgeni akimpigia sauti ya adui mlangoni kwake, mwaka huu atajibu, mwakani atahama. Na mimi nitawaonyesha nini watoto wako?" Nimewahi kufuatana na waongozaji wa mbuga ambao kwa bakshishi wangemtikisa ndege kwenye tawi. Kwa kipimo hicho peke yake huyu angestahili alama zote.

Kwenye mirihi tuliwatafuta kwera wa Clarke, ambao duniani kote hawapatikani nje ya kaunti hii. Kijitabu kiliwaweka katika orodha ya lazima. Mzee alituambia ukweli tangu mwanzo kwamba hawa huzunguka kwa makundi juu kabisa ya mirihi, wanapita mahali kwa dakika mbili na huenda wasirudi siku nzima, na kwamba mtu anayekuahidi kuwaona anakuuzia bahati. Tulitembea saa mbili tukiwa tumeinua shingo. Hatukuwaona. Lakini kisa chao alichotusimulia tukiwa tumekaa kwenye gogo kilifidia sehemu ya machungu: ndege huyu alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1913, na ilichukua miaka mia, hadi 2013, watu kugundua mahali anapojenga viota vyake, kwenye ardhi oevu ndani ya msitu wa Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi. Ndege wa manjano na mweusi, ndani ya kaunti moja, na karne nzima hakuna aliyeandika anakozalia. Tukiwa bado hapo sange, mnyama mdogo mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, alikatiza njia kwa miguu yake myembamba, pua ndefu mbele, akatoweka. Yeye hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Sasa lile kosa la kijitabu. Katika msitu huu walituahidi mkesha mwenye madoa meusi kifuani, ndege wa sakafuni anayepekua majani makavu. Ni kweli anapatikana Arabuko-Sokoke na Gede. Ila huyu ni mgeni wa kusi: hutoka kusini na kukaa kwetu katika miezi ya baridi, kisha hurudi kwao kuzaa, na Februari yuko huko. Nilipomuuliza mzee, alijibu kwa swali: "Mama, maembe ya mwezi wa saba unayanunua wapi?"

Jambo hilohilo lilijirudia siku ya tatu kwenye Sabaki, kwa hasara kubwa zaidi. Mto huu, unaoanza juu bara kwa jina la Athi na kubadilika kuwa Galana kabla ya kuitwa Sabaki, humwaga baharini udongo mwingi mwekundu, na udongo huo ndio uliotengeneza fungu za mchanga na vidimbwi ambavyo ndege wa bahari hupumzikia. Kijitabu kilituuzia siku hiyo karibu yote kwa ndege mmoja wa Madagaska, Glareola ocularis, anayewinda wadudu angani kama mbayuwayu na ambaye kweli hukusanyika hapa kwa makundi makubwa. Hukusanyika, lakini kati ya Aprili na Septemba. Februari yuko Madagaska na familia yake. Picha ya jalada la kijitabu ni ya ndege huyo.

Juu ya hilo, ratiba ilitupa Sabaki saa moja na nusu tu, kuanzia saa sita mchana, kwa sababu dereva alitakiwa awe Mombasa jioni. Safari hii mzee hakuweza kuibadilisha. Kutoka penye gari hadi mdomo wa mto ni mwendo wa miguu juu ya mchanga usio na hata kivuli cha mkono, na kiboko waliokuwa wamelala kwenye maji ya kina kifupi walitulazimisha kuzunguka mbali. Tulipofika, mazigazi yalikuwa yameshaanza. Juu ya mchanga uliochemka hewa ilikuwa ikitetemeka kama maji, na ndani yake buabua kwa mamia, shakwe, na msitari wa heroe walionekana wakiyeyuka na kuungana tena. Hata kwenye kioo kizuri cha mzee haikuwezekana kutofautisha buabua mdogo na mwenzake wa jamii nyingine, kazi ambayo hata asubuhi tulivu huwatoa jasho wanaojua. Rafiki yangu alishikwa na kizunguzungu na tukamrudisha garini, ambamo maji ya kunywa yaliyoahidiwa yalikuwa yamekwisha tangu jana.

Kitu kimoja tulikipata. Tukirudi, kwenye majani mafupi kando ya kidimbwi, mzee alisimama ghafla na kutuonyesha ndege mdogo wa kahawia, mwenye michirizi kifuani na miguu ya rangi ya chungwa, akitembea kama mtu aliyepoteza sindano. Ni Anthus melindae, aliyepewa jina la Malindi yenyewe, na alikuwa hatua kumi kutoka kwetu, hana habari nasi. Kijitabu hakikumtaja popote. Mtu aliyekiandika alikuwa amekaa Malindi na asimjue ndege wa Malindi.

Nina lalamiko jingine ambalo wasomaji wa Kiswahili watalielewa. Orodha ya ndege tuliyopewa kuwekea alama ilikuwa ya Kiingereza peke yake. Nilipomwambia mtu wa ofisini, alisema ndege wengi hawana majina kwa Kiswahili. Katika siku tatu mzee alitutajia kwa Kiswahili na Kigiriama majina ambayo sikuweza kuyaandika yote, akafafanua lipi ni la ndege mmoja na lipi ni la ukoo mzima, na pale pasipokuwa na jina alisema hapana. Sululu, buabua, heroe, keremkerem, hondohondo na mnandi si maneno ya kubuni. Yamo vinywani mwa wavuvi wa Mayungu na Ngomeni. Kampuni inayofanya kazi Kilifi, inayowauzia pia Wakenya na Watanzania, ingeweza kumlipa mzee huyu kwa wiki moja na kupata orodha ambayo hakuna mshindani wake anayo. Mpwa wangu aliandika aina 97 kwa siku hizo tatu na kuziingiza katika Kenya Bird Map, mahali ambapo watazamaji wa kawaida wa nchi nzima huweka walichokiona, na kwa makadirio yake Sabaki ya asubuhi ingetuongezea kumi na tano.

Kwa hiyo alama zangu ni mbili, si moja. Kwa mwongozaji natoa tano kwa tano, na ningetoa sita kwa ajili ya jioni ile ya baiskeli. Kwa kampuni natoa mbili: moja kwa malazi na moja kwa kuwa walau walijua wa kumkodi. Anayefikiria kwenda Kilifi katika kaskazi asisite kwa sababu ya maneno yangu, maana Mida katika miezi hiyo imejaa wageni wa kaskazini na hakuna msimu mwingine wa kuwaona kwa wingi huo. Ila kabla ya kulipa aulize saa za maji kwa tarehe yake, aulize ada za msitu ziko ndani au nje ya bei, na asikubali kupelekwa Sabaki baada ya saa tatu asubuhi. Akijibiwa kwamba ndege wapo siku zote, abaki na fedha zake.

Barua yetu ya malalamiko ilijibiwa baada ya siku kumi na moja. Walisema ndege ni viumbe huru na kampuni haiwezi kuwaamrisha, jambo ambalo hatukulidai, na wakatupa punguzo la asilimia kumi kwa safari ijayo. Hatutalitumia. Tumeshazungumza na mzee moja kwa moja kwa simu, naye ametupangia siku mbili za Agosti ambapo, akisema Mungu, maji ya Sabaki yatakuwa yanajaa asubuhi: siku ya kwanza kwa ajili ya ndege wa Madagaska, ya pili Gede kumtafuta mkesha wa madoa. Kuhusu darubini, alisema tusiazime, tutatumia yake kwa zamu. Mpwa wangu amemnunulia mguu mpya.